MAKUMBUSHO SI GHALA LA MABABU

Naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa dogo, kumbe ni kubwa. Jambo lenyewe ni hizi nyumba tunazoziita makumbusho. Mwulize mwanafunzi yeyote hapa shuleni makumbusho ni nini, atakujibu upesi kwamba ni nyumba ya kuwekea vitu vya kale. Mwulize ni ya kazi gani, atakwambia ni ya kupelekwa na basi la shule, kuona mifupa na nyoka, kula mkate kwa soda kisha kurudi nyumbani. Hapo maneno yameisha. Mimi nasema hayajaisha, na nitaeleza kwa nini.

Kwa kuwa sisi ni watu wa chama cha Kiswahili, tuanze na neno lenyewe. Wazungu walilipata neno lao kwa Wagiriki wa kale, na maana yake ilikuwa mahali pa miungu wa kike wa sanaa na elimu. Neno letu halikutoka kwa miungu wa mtu yeyote. Limetoka katika kitenzi. Tuna kumbuka, tukapata kumbusha, kutoka hapo tukapata kumbusho, na wingi wake ni makumbusho. Mwaona? Jina la nyumba ni kazi yake. Kumbusha ni kumfanya mtu akumbuke. Sasa nyumba iliyojaa vitu ambavyo havimkumbushi mtu chochote, tuiiteje? Kwa Kiswahili sanifu hiyo ni ghala. Kwa Kiswahili cha nyumbani ni stoo.

Tena ukishasema kumbusha, lazima swali lifuate: kumkumbusha nani, na kumkumbusha habari za nani? Swali hili ndilo lililobadilisha makumbusho duniani kote. Zamani halikuulizwa. Hapa Kenya, jumba la kwanza la makumbusho lilianzishwa Nairobi mwaka 1910 na chama cha watu waliopenda elimu ya viumbe, wengi wao wakiwa masetla na maofisa wa serikali ya kikoloni. Waliweka ndege, vipepeo na wanyama waliowakusanya. Mwaka 1930 likafunguliwa jumba kubwa zaidi, likapewa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana wa Kenya. Baada ya uhuru ndipo likawa Makumbusho ya Taifa. Sisemi kazi ile ilikuwa bure. Ni katika jumba hilo hilo tunajivunia yule mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake ya miaka milioni moja na nusu na zaidi iligunduliwa mwaka 1984 na Mkenya mwenzetu, marehemu Kamoya Kimeu. Lakini ukweli ni kwamba mwanzoni nyumba ile haikujengwa kumkumbusha Mwafrika chochote. Mwafrika mwenyewe alikuwa miongoni mwa vitu vya kutazamwa.

Siku hizi mawazo yamebadilika. Mwaka 1972 wataalamu walikutana Santiago, nchini Chile, wakasema kwamba makumbusho lazima yahudumie jamii inayoyazunguka, na si kukaa tu na kuhesabu vitu vyake. Mwaka 2022 baraza la makumbusho la kimataifa, ambalo hujulikana kwa kifupi kama ICOM, lilikutana Prague likapitisha maana mpya ya neno makumbusho. Ndani yake waliweka mambo ambayo zamani hayakuwamo: kwamba makumbusho yawe wazi kwa watu wote, na kwamba jamii zishiriki katika kazi zake. Kushiriki, jamani, si kulipa kiingilio na kuangalia kwa kioo. Kushiriki ni kuulizwa.

Hayo ni maneno mazuri. Lakini maneno mazuri hupimwa kwa jambo gumu, na jambo gumu tunalo papa hapa Pwani. Nataka kusema juu ya vigango.

Kwa wale wasomaji waliotoka bara, na walimu wetu kadhaa ambao bado wanazoea jua la huku, nieleze kidogo. Kigango ni mti mgumu uliochongwa, mrefu na mwembamba kama ubao, wenye kichwa juu na nakshi za pembetatu kiwiliwilini. Wagiriama na ndugu zao wengine wa Mijikenda huusimamisha kwa ajili ya mzee aliyefariki ambaye alikuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima kubwa. Si kila mtu aliyewekewa kigango. Kikishasimamishwa kinafungwa vitambaa, kinamwagiwa mnazi, na watu wa mji ule wanazungumza nacho wakiwa na shida. Kwa hiyo kigango si picha ya babu. Ni babu mwenyewe amesimama pale. Na kuna sharti moja: kikishasimama hakiondolewi. Mji ukihama, kigango kinabaki. Watu wanatengeneza kingine kidogo kinachoitwa kibao, ndicho wanachokwenda nacho kule waendako. Kile cha kwanza kinaachwa kwa jua, mvua na mchwa mpaka kimalizike.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Kuanzia miaka ya sabini, watalii na wafanyabiashara wa sanaa waliona vigango ni vitu vya kupendeza sebuleni. Vikaanza kuibwa usiku. Vikauzwa katika maduka ya watalii, vikavuka bahari mpaka Marekani. Matajiri wa huko, hata watu mashuhuri wa filamu za Hollywood, wakavinunua kwa pesa nyingi, kisha wakavitoa kama zawadi kwa majumba ya makumbusho. Vikafika huko mamia. Babu wa mtu akapewa namba akawekwa kabatini.

Kuna kisa kimoja ambacho kila mwanafunzi angefaa kukijua. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa amesimama kando ya vigango viwili alivyowawekea ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vigango vile vikaibwa. Miaka mingi baadaye mtafiti yule na mwenzake waligundua kwamba kimoja kiko katika makumbusho huko Illinois, na cha pili kiko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, huko Virginia. Ile picha ndiyo iliyokuwa shahidi. Bila picha, nani angeamini maneno ya familia ya shamba moja huku Kilifi dhidi ya jumba kubwa la Marekani? Vigango vile vikarudishwa, na mwaka 2007 familia ikawa imeshapata ndugu zake wote wawili.

Baada ya hapo mlango ukafunguka. Makumbusho ya Denver yaliamua kuachilia vigango 30, na vikafika Kenya mwaka 2019. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yakarudisha vingine 37. Watu wakapiga makofi, na mimi pia nilifurahi niliposoma habari hizo. Lakini baada ya makofi ndipo swali langu linapoanza. Vimerudi, sawa, lakini vimerudi wapi? Vimekabidhiwa Makumbusho ya Taifa. Kwa vingi haikujulikana kila kimoja kilitoka mji gani, maana mwizi haandiki jina la aliyemwibia. Basi babu ametoka katika stoo ya ng'ambo akaingia katika stoo ya nyumbani. Hiyo ni hatua, sikatai. Lakini si mwisho wa safari, na tusikubali kuambiwa kwamba ndio mwisho.

Maoni yangu ni haya: kila kigango ambacho mwenyewe anaweza kupatikana kirudishwe shambani, mahali pake, kisimame na kiishe kama kilivyokusudiwa. Makumbusho yawe tayari kukiachilia. Najua kuna watakaopinga, na hoja zao nimezisikia darasani, njiani na hata nyumbani. Wacha nizijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba vikirudishwa shambani mchwa watavila, na mali ya taifa itapotea. Anayesema hivi anafikiri kwamba kitu kina thamani kikidumu tu. Hajiulizi waliokichonga walitaka nini. Wao walitaka kiishe. Marehemu hupumzika polepole, na mti wake humfuata. Kukipaka dawa kisioze na kukiweka mahali pasipo na upepo kwa miaka mia mbili ni kumnyima mtu mapumziko yake. Wahenga walisema mwenye kuuliza njia hapotei. Wataalamu wa makumbusho wangewauliza wazee wa kaya kabla ya kununua dawa ya mchwa.

Hoja ya pili ni kwamba vitaibwa tena. Hii ni hoja nzito na siwezi kuicheka. Tuseme ukweli ingawa unauma: Mzungu hakuja mwenyewe usiku na jembe. Vijana wetu ndio waliong'oa, tena kwa pesa kidogo, kwa sababu ya umaskini na kwa sababu walikuwa hawaoni tena maana ya kile walichong'oa. Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini mwizi huiba kwa kuwa yuko anayenunua. Hapa ndipo kazi mpya ya makumbusho inapoonekana. Badala ya kukikamata kigango chenyewe, wapige picha kila kigango kilichosimama, waandike ni cha nani, urefu wake, nakshi zake na mahali kilipo, na orodha iwekwe mahali pa salama. Siku kikionekana katika duka la mnada, iwe London au Los Angeles, iko karatasi ya kukidai. Picha moja tu ya 1985 iliwarudisha ndugu wawili. Je, tungekuwa na picha elfu? Tena sheria tunayo. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 hairuhusu vitu vya namna hii kutolewa nchini bila kibali. Kilichobaki ni sisi kuitumia.

Hoja ya tatu ndiyo inayoleta kelele kuliko zote, na inatoka kwa wenzetu walioshika dini sana. Ati vigango ni mashetani, viachwe huko huko ng'ambo, tena Wazungu wametusaidia kuvichukua. Mimi pia nina dini na siku ya ibada naenda kama ninyi. Lakini naomba tufikiri kwa utulivu. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Baadaye Waingereza waliigeuza jela mpaka 1958. Watu waliteseka mle ndani. Leo tunaitunza, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia. Je, kwa kuitunza tunawaabudu Wareno? Tunasherehekea jela? Hapana. Tunakumbuka. Ikiwa ngome ya mgeni twaweza kuitunza bila kuiabudu, basi na mti wa babu twaweza kuuheshimu bila kuuabudu. Na asiyetaka kuumwagia mnazi asimwage. Lakini asiwachagulie wenye mti.

Hoja ya nne ni kwamba kila jamii ikidai chake, majumba ya makumbusho yatabaki matupu. Kwanza, hilo haliwezi kutokea kesho. Mradi mmoja uliowahusisha Makumbusho ya Taifa, wasanii wa Kenya na majumba mawili ya Ujerumani ulihesabu vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, wakapata zaidi ya 32,000 katika majumba 30 tu. Wapokomo bado wanaisubiri Ngadji, ngoma yao kuu, ambayo iko British Museum tangu 1908 na imekaa ghalani. Kwa hiyo tusiwe na wasiwasi wa kumaliza. Pili, mradi ule ule ulifanya maonyesho Nairobi mwaka 2021, na katika maonyesho hayo waliweka makabati ya vioo yasiyokuwa na kitu ndani. Kabati tupu! Mtu anasimama mbele yake anajiuliza, kilichopaswa kukaa hapa kiko wapi na kilikwendaje? Mimi naona kabati lile tupu lilikumbusha kuliko makabati mengi yaliyojaa. Jumba moja nililowahi kuzuru, ambalo sitalitaja, lilikuwa na kitu chetu kizuri sana na chini yake kikaratasi kilichosema kwa Kiingereza jina la kitu, kabila na aina ya mti. Basi. Hakuna kwa nini, hakuna nani, hakuna lini. Ukitoka pale umeona, lakini hukukumbushwa.

Msidhani haya ninayodai hayajawahi kufanyika. Mwaka 1905 afisa mmoja wa Kiingereza alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, akachukua fimbo zake tatu. Zilikaa Uingereza miaka mia moja. Mwaka 2006 zilirudishwa, na hazikuishia Nairobi. Zilirudi kwa Wanandi. Mtoto wa Nandi Hills haitaji kupanda basi mpaka Nairobi kukumbushwa habari za mtu wa kwao. Sisi wa Pwani tunaomba hilo hilo, wala si kubwa kuliko hilo.

Vipi basi kuhusu vigango ambavyo wenyewe hawatajulikana kamwe? Hivyo vibaki katika makumbusho, lakini kwa masharti. Sharti la kwanza, wazee wa kaya ndio waseme vikae vipi: vilale au visimame, vionyeshwe au vifunikwe. Sharti la pili, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya waliovichonga, kisha Kiingereza kifuate kwa ajili ya wageni. Haiwezekani babu wa Kigiriama aelezwe kwa lugha ambayo mjukuu wake mwenyewe haisomi. Sharti la tatu, isifichwe namna vilivyoondoka. Kikaratasi kiseme wazi kwamba kigango hiki kiliibwa, kikauzwa, kikakaa Marekani miaka kadhaa, kikarudi. Wizi nao ni historia, na asiyeambiwa kwamba aliibiwa hatafunga mlango.

Na sisi je? Maana ni rahisi kuwanyoshea kidole wakubwa huku tumekaa. Sisi ni shule ya kutwa. Wenzetu wa bweni wanatucheka kwamba tunatembea na vumbi kila siku, lakini tuna kitu wasichokuwa nacho: kila jioni tunarudi nyumbani, na nyumbani wako wazee. Napendekeza chama chetu cha Kiswahili kianzishe daftari. Kila mwanachama amwendee mzee mmoja katika mtaa au kijiji chake, amsalimie kwa adabu, aulize na aandike. Kama mji wao una kigango, aombe ruhusa kwanza ndipo apige picha, na akikataliwa aache. Asiyekuwa Mgiriama aandike ya kwao, kwani hata Mluo, Mkamba na Mswahili wa mji wa kale wana vyao. Daftari likijaa tulipeleke kwa watu wa makumbusho tuwaambie: mlisema jamii ishiriki, haya, tumeshiriki, nanyi mtatufanyia nini? Mwalimu mlezi wa chama akikubali, tunaweza kuanza muhula ujao.

Mwacha mila ni mtumwa, tumelisema hilo katika insha mpaka limekuwa kama chumvi ya kutia tu. Lakini mila haiachwi siku moja. Inaachwa kidogo kidogo: leo hujui jina, kesho hujui maana, keshokutwa unaona ni kuni au ni kitu cha kuuza. Vijana walioviuza vigango walikuwa na umri kama wetu. Sitaki mtu wa kidato cha tatu wa miaka ijayo asimame mbele ya kabati akitazama jambo la kwao bila kujua ni la kwao.

Wasomaji wapendwa, hayo ndiyo maoni yangu. Anayepinga milango iko wazi, ajibu katika toleo lijalo au anijibu hapa hapa uwanjani wakati wa chakula cha mchana. Lakini ajibu kwa hoja, na kabla ya kujibu, aende kwanza akamwulize mzee wa kwao.